Barua Arobaini na Tatu

Tangazo lilibandikwa kwenye geti la bustani Jumatatu, ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe. Tulilikuta saa moja kasoro asubuhi, mimi nikiwa nimemshika mume wangu kiwiko cha kulia, upande ule usiomtii. Kila siku saa hiyo huwa tuko pale. Daktari wa mazoezi alisema ardhi tambarare, nusu saa, kila siku bila kuruka. Kisha akaongeza neno ambalo halijanitoka kichwani: akikaa wiki mbili bila kutembea mguu utasahau, na kuufundisha mara ya pili ni kazi ngumu kuliko mara ya kwanza.

Mume wangu alikuwa mpaka rangi. Kiharusi kilimkuta juu ya ngazi, ndoo mkononi, na wenzake wakamshusha kama mzigo wa vioo. Tunaishi ghorofa ya pili, chumba kimoja na sehemu ya kupikia, na nusu ya chumba ni cherehani yangu na nguo za watu. Nje hakuna pa kutembea. Kuna barabara, kuna mtaro, na katikati yake pikipiki. Imebaki bustani. Ina njia ya saruji inayozunguka, mabenchi matatu, bembea, bomba la maji, na taa mbili ambazo moja huwaka. Mwaka jana tulihitaji dakika ishirini kufika benchi la kwanza. Siku hizi tunafika la tatu, tunapumzika, tunarudi. Mabenchi yale hayana rangi, kwa hiyo yeye amejipa kazi ya kuyapaka kwa mdomo: la kwanza kijani cha hospitali, la pili rangi ya maziwa, la tatu bado anashauriana na mteja. Mteja ni mimi.

"Wanasemaje?" aliniuliza. Maneno yake hutoka polepole, kama ya mtu anayeyachagua, ingawa hachagui.

Nikamsomea. Kutokana na matukio arobaini na matatu ya kuhatarisha usalama, yaliyoripotiwa na wakazi wenyewe ndani ya miezi kumi na minne, bustani ingefungwa kabisa kuanzia mwezi ujao, na eneo lote kuzungushiwa mabati. Mwenye pingamizi alilete kwa maandishi kabla ya saa sita mchana siku ya Ijumaa.

"Arobaini na matatu," mume wangu alisema. "Kumbe tunaishi vitani na hukuniambia."

Nilicheka kwa sababu alitaka nicheke. Lakini namba ile niliifahamu, na tulipokuwa tunaelekea benchi la kwanza, miguu iliyokuwa mizito ilikuwa yangu.

Inabidi nieleze tulivyokuwa tunafanya. Miaka kadhaa iliyopita mfuniko wa mtaro uliibwa, na mimi nikapeleka barua ofisi ya manispaa. Nikapeleka ya pili, na ya tatu. Karani wa masjala, kijana mpole, akaniambia kupitia dirishani, "Mama, barua moja ni kelele za mtu mmoja. Zikija tisa, mkubwa anauliza kuna nini." Hakuwa na nia mbaya. Nilirudi nikawaambia majirani, na tangu hapo ndiyo ikawa desturi yetu. Jambo likitokea, mimi naandika barua, kwa kuwa nina mwandiko unaosomeka na ninaweza kukaa kitako. Nyumba nane nyingine zinanakili, kila mtu kwa mkono wake. Niliwafundisha wabadilishe maneno ili zisifanane. Mmoja aliandika "mtoto ameanguka", mwingine "nimeshuhudia kwa macho yangu", mwingine "nachukua nafasi hii kulaani". Na kwa kuwa dirisha la masjala lilipokea barua mbili tu za mtaa mmoja kwa siku, tulizipeleka kwa zamu wiki nzima, kila moja na tarehe yake na muhuri wake.

Mfuniko wa mtaro tuliupata hivyo. Benchi la tatu tulilipata hivyo. Hakuna kati yetu aliyeona kwamba ni uongo. Tulijiona watu wanaosema jambo moja kwa sauti kubwa.

Asubuhi ile, baada ya kumrudisha mume wangu na kumketisha, nilitoa daftari langu la nakala kwenye droo ya cherehani nikahesabu. Katika miezi kumi na minne bustani ilikuwa imepata matukio matano. Binti wa muuza maziwa aliangushwa na bembea akavunjika mkono. Mwanamke mmoja aliporwa mkoba chini ya taa iliyokufa. Tawi lilianguka, halikumpata mtu. Mbwa alimng'ata mpita njia. Mzee mmoja aliteleza penye bomba. Matano mara tisa ni arobaini na tano. Muuza magodoro alikosa kunakili mara mbili. Zikabaki barua arobaini na tatu.

Jioni watu walikusanyika kwa kinyozi, kama kawaida ya mtaa wetu kunapokuwa na jambo. Kinyozi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja na mashine ilikuwa inanguruma.

"Mama Sindano huyo," alisema aliponiona. "Kalamu iko wapi? Andika pingamizi, sisi tunanakili. Safari hii tusiende tisa, twende ishirini."

"Thelathini," alisema muuza magodoro.

"Wewe hata tisa zilikushinda. Kila tukiandika uko msibani. Ukoo wenu sijui mnakufa kwa ratiba ya masjala."

Watu walicheka, na muuza magodoro naye akacheka. Bwana Jela hakucheka. Ni askari jela mstaafu, anakaa ghorofa ya chini yetu, na hukaa kwenye stuli kama vile kuna mtu anamkagua.

"Mimi nataka nimjue aliyeripoti matukio arobaini na matatu," alisema. "Wote niwapange mstari niwatazame usoni."

"Ni sisi," nilisema.

Nikawaeleza hesabu. Nilieleza taratibu, tukio moja moja, na nikawaonyesha daftari. Kinyozi alizima mashine.

"Kwa hiyo tunajipinga wenyewe," alisema Bwana Jela.

"Ndiyo."

"Samahani," alisema yule mteja, nusu ya kichwa kikiwa na nywele. "Mimi bado nipo."

Kinyozi akawasha mashine. "Sikiliza, mama," alisema akiendelea kunyoa. "Hiyo hesabu irudishe kwenye droo. Tuandike pingamizi la kawaida. Nani atajua?"

"Barua zote wanazo. Wakiuliza tukio la tarehe kumi na mbili lilikuwa lipi, na la kumi na tatu lipi, na la kumi na nne, tutajibu nini?"

"Tutasema tarehe kumi na tatu mtoto alivunjika tena."

"Yule yule?"

Kinyozi akamgeuza mteja kichwa. Watu walianza kutoka mmoja mmoja, wakisema wameacha vyakula motoni.

Nyumbani nilimwambia mume wangu kwamba nitakwenda ofisini kusema ukweli. Nilikuwa namkunja na kumkunjua vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja, kama tulivyoonyeshwa.

"Utafungwa?" aliuliza.

"Kwa barua?"

"Nauliza tu. Nani atanishika kiwiko?"

"Bwana Jela."

"Huyo atanipigisha gwaride," alisema. Nilipofika kidole cha mwisho akasema, "Nenda. Lakini usirudi na mabati."

Jumanne nilifunga kazi nikaenda. Dirishani alikuwepo karani yule yule, sasa ana kitambi kidogo na pete ya ndoa. Nilipomweleza nilichofuata, alitazama meza yake. Alinipeleka ndani kwa afisa wa maeneo ya wazi, akabaki amesimama mlangoni na kalamu mkononi.

Afisa alikuwa mtu wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi kwenye bawaba. Faili la bustani yetu lilikuwa nene kama mto. Alinisikiliza bila kunikatiza. Aliangalia daftari langu, akafungua faili, akalinganisha barua tatu za tarehe zilizofuatana, akavua miwani.

"Hapa wanasema mtoto wa kike. Hapa wanasema mwanafunzi. Hapa wanasema raia mdogo."

"Ni yule yule."

"Nani aliwafundisha hivi?"

Karani hakutikisika pale mlangoni.

"Tulijifunza wenyewe," nilisema.

Afisa alisugua macho. Hakunikaripia, na nadhani ningependa angenikaripia. "Mama, mimi nina bustani kumi na moja na fundi mmoja. Kila mwisho wa mwaka wanauliza ipi ni hatari kuliko zote ili nifunge moja. Nikafungua rejesta, nikahesabu mihuri. Yenu iliongoza kwa mbali. Inayofuata ilikuwa na saba."

"Sasa nifanyeje?"

"Barua ikishapigwa muhuri siwezi kuitupa. Aliyeandika ndiye anayeifuta. Kila mmoja aandike kwamba barua zake zilihusu matukio haya matano, asaini. Zote tisa, kabla ya Ijumaa saa sita." Alivaa miwani tena. "Na mama wa mtoto aje mwenyewe. Tukio la kwanza ni la kwake. Bila yeye siwezi kujua lipi ni kweli."

Jumatano na Alhamisi nilizunguka na karatasi zangu. Nilidhani itakuwa rahisi, kwa kuwa wote waliitaka bustani. Haikuwa rahisi. Watu wanaonakili barua bila kufikiri wanafikiri sana wanapoambiwa waifute. Mmoja aliogopa kazi yake, kwamba jina lake likionekana kwenye karatasi ya kukiri halitasahaulika. Mwingine alitaka nimwachie karatasi ailalie. Kinyozi alisaini akiwa amesimama, akasema, "Siku nyingine ukija na karatasi nainyoa kama kichwa." Muuza magodoro alisaini haraka kuliko wote, akifurahi kuwa ana makosa machache kuliko wenzake.

Bwana Jela alikataa.

"Miaka ishirini na nane sijawahi kufuta kauli yangu."

"Kauli ilikuwa yangu, mzee. Wewe ulinakili."

"Ndiyo mbaya zaidi."

Nilikaa kwake nikanywa chai yake. Sikumsukuma. Tulizungumza habari za magoti yake na za mfereji wa bafuni unaovuja. Mwisho aliniuliza mume wangu anakwenda hatua ngapi sasa. Nikamwambia sizihesabu hatua, nahesabu mabenchi, na yamefika matatu. Aliivuta karatasi, akaisoma yote mpaka chini, akarekebisha sehemu moja niliyokosea mkato, akasaini.

Alhamisi jioni karatasi zote tisa zilikuwa zimesainiwa, nikabaki na muuza maziwa, ambaye hakuwa kati yetu tulioandika. Nilimwacha awe wa mwisho, na sababu yake niliijua.

Kibanda chake kiko kona ya mtaa wa pili. Ana jokofu lenye bomba, anapima kwa kikombe na kwa lita. Nilimkuta anasuuza ndoo. Binti yake alikuwa ndani, anafanya kazi ya shule juu ya kreti lililopinduliwa, anaandika kwa mkono wa kushoto.

"Karibu, Mama Sindano. Lita moja?"

"Leo sikuja kununua, mdogo wangu."

Nilimweleza. Aliendelea kusuuza mpaka nikamaliza. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akachukua karatasi, akaisoma, akasoma na daftari langu, ukurasa wa barua ya kwanza. Alisoma mara mbili.

"Nilikuja kwako mwaka jana," alisema. "Nilikuja moja kwa moja kutoka hospitali, nikakwambia niandikie waing'oe ile bembea. Mnyororo umeliwa na kutu. Nikakwambia jambo moja tu."

"Ndiyo."

"Humu kuna taa. Kuna bomba. Kuna benchi la kupumzikia wagonjwa na wazee." Alikuwa anafuata mistari kwa kidole. "Bembea iko chini kabisa, baada ya mapipa ya taka."

Wakati ule mume wangu alikuwa ametoka hospitali wiki mbili. Nilikuwa nimeona kuwa kutoka benchi la pili hadi geti ni mbali mno kwa mtu wa hali yake. Nilipoandika ile barua nilijiambia kuwa ombi likiwa kubwa litaheshimiwa. Nilijiambia hivyo kwa moyo mmoja, na bado sijui kama nilikuwa najidanganya.

"Benchi lilikuja," alisema muuza maziwa.

"Lilikuja."

"Bembea walifunga waya. Nimeiona. Iko vilevile." Aliongea kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie, na nadhani mtoto alikuwa anasikia kila kitu. "Mliuazima mkono wa mwanangu mara tisa, dada. Na aliyepata benchi ni mumeo."

Mteja alikuja akataka nusu lita. Muuza maziwa akampimia, akamrudishia chenji, akamuuliza habari za mama yake. Mteja alipoondoka alisimama akiutazama mtaa.

"Sipiti tena pale," alisema. "Mkifungiwa, mimi sipungukiwi kitu. Ukweli wangu ndio huo."

"Nauelewa."

"Kesho nitakuja. Lakini nitasema yangu mwenyewe. Wewe hutaandika neno hata moja."

"Sitaandika."

"Na uchukue maziwa. Umekonda, shemeji atasema hatukutunzi."

Nikachukua lita moja. Nilimlipa, naye akapokea, na nilishukuru kwamba alipokea.

Ijumaa saa nne tulikuwa ofisini, mimi, yeye na Bwana Jela, ambaye alivaa koti na kusema amekuja kuhakikisha saini yake inafika. Afisa alipokea karatasi, akazipanga, akazihesabu. Muuza maziwa hakukaa. Alisema mwanawe aliangushwa na bembea, mnyororo wa upande wa kushoto ulikatika, mfupa ulivunjika juu kidogo ya kiwiko, na kwamba mkono haunyooki mpaka mwisho mpaka leo. Alisema aliomba bembea iondolewe na haikuondolewa. Hakuongeza kitu. Nimeandika barua nyingi maishani mwangu na hakuna iliyokuwa nzuri kama ile aliyoisema.

Afisa alifunga faili. Halafu akasema kwamba kwa matukio matano hafungi bustani. Kwa matano anarekebisha. Bwana Jela alinigusa bega.

"Lakini bembea ikae hivyo hivyo, haiwezekani," afisa aliendelea. "Na fundi atafika kwenu baada ya wiki tano. Si chini ya hapo."

"Nina msumeno wa chuma," alisema Bwana Jela. "Nusu saa."

"Mzee, kukata minyororo hakutoshi, nguzo yenyewe imeliwa na kutu na watoto wataikwea, nayo imesimikwa juu ya bomba kuu. Ukiing'oa mtaa mzima utaoga kwa vikombe. Acha fundi aje." Afisa alitoa fomu mbili kwenye droo. "Mama, wewe ndiye mleta pingamizi, saini ni yako. Hii moja, bustani inabaki wazi, tunaifunga bembea kwa kamba, na wakazi wanakubali kuiangalia wenyewe. Hii nyingine, geti linafungwa usiku na mchana, maana sina mlinzi wa kulifungua na kulifunga, mpaka bembea itoke, kisha linafunguliwa. Mimi sina upande. Zote zinaruhusiwa."

Aliziweka mbele yangu sambamba. Kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye meza.

Wiki mbili, alisema daktari, na mguu utasahau. Nilizigawa zile wiki tano kichwani, nikazigawa tena, hazikupungua.

"Shemeji anatembea mle kila asubuhi," muuza maziwa alisema. Alikuwa anamwambia afisa, si mimi. "Mume wake. Ana kiharusi."

"Basi hilo halina mjadala, mama," afisa alisema kwa upole. "Acha wazi."

Nilimtazama muuza maziwa. Alikuwa anatazama ukuta, penye kalenda. Hakuniomba kitu. Kama angeniomba, au kama angenilaumu, pengine ningepata pa kushika.

"Shule inatoka saa nane," nilisema. "Nani atakuwa pale saa nane kuangalia kamba?"

Bwana Jela alifungua mdomo, akakumbuka magoti yake, akaufunga. Kinyozi saa hizo ana wateja. Mimi saa hizo niko kwenye cherehani, na kama siko kwenye cherehani hatuli. Nilikuwa najua jinsi ambavyo tungefanya. Tungepanga zamu, tungeandika majina tisa kwenye karatasi, na wiki ya pili kila mmoja angedhani ni zamu ya mwingine. Kamba ni kitu ambacho mtoto anafungua akiwa anatazama pembeni.

Nilisaini fomu ya pili.

Muuza maziwa alitangulia kutoka. Tulipomfikia nje alisema tu kwamba ameacha jokofu na mtu asiyelijua, akavuka barabara haraka. Bwana Jela alinisindikiza mpaka nyumbani bila kusema neno, na kwa mtu kama yeye nililihesabu kuwa jambo kubwa.

Mume wangu alikuwa ameketi dirishani. Nilimwambia yote kwa mpangilio wake.

"Wiki tano," alisema.

"Tano."

"Ungeweza kuacha wazi."

"Ningeweza."

Aligeukia dirisha. Sikumwambia habari za mkono usionyooka. Niliogopa kwamba nikisema atanisamehe haraka, na sikutaka anisamehe haraka. Niliosha vyombo. Nilipika. Tulikula, na nilipokuja kuchukua sahani alisema, "Sogeza cherehani."

"Wapi?"

"Popote. Nje. Sijui. Isogeze."

Niliisukuma mpaka kwenye korido, nikazihamishia nguo za watu kitandani, nikakunja zulia. Tukapata nafasi ya hatua tisa, kutoka mlangoni mpaka dirishani. Ni fupi sana. Taabu ya chumba si kutembea, taabu ni kugeuka. Bustanini njia inazunguka yenyewe. Chumbani kila baada ya hatua tisa kuna ukuta, na mguu wake hupenda kubaki nyuma wakati mwili umeshageuka. Siku ya kwanza tuligeuka mara nne. Mara ya tano alinielemea, tukaangukia kitandani juu ya suti ya mteja.

Kutoka chini fimbo ya ufagio iligonga dari.

"Nani anahama huko?" Bwana Jela aliita.

"Hakuna anayehama, mzee. Tunatembea."

Huko chini stuli iliburutwa.

"Haya, tembeeni," alisema. "Lakini mguu wa kulia anauburuta. Mwambie aunyanyue."

Mume wangu alicheka, kwa mara ya kwanza siku ile, na mate yakamtoka upande wa kulia, nikamfuta.

Wiki tano zilikuwa saba. Fundi aliumwa, halafu kukakosekana gari. Kila asubuhi tulitembea chumbani, na kila asubuhi nilishonea koridoni, miguu ya wapangaji ikipita pembeni yangu. Nilijitahidi kuona maendeleo, lakini kipimo nilichokuwa nacho kilikuwa upande wa pili wa geti. Hakuna aliyenitaka niandike barua ya kuwakumbusha. Mimi pia sikujitolea.

Siku walipofungua, tulitoka saa moja kasoro. Palipokuwa na bembea wamefukia, udongo mwekundu bado haujashikana. Tulifika benchi la kwanza kwa dakika kumi na tatu. Tulipumzika kuliko zamani. La pili tulilifikia jasho likimtoka kwenye nyusi, na aliketi kabla sijamwambia aketi, akaushika mguu wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akauweka sawa kama kitu cha mtu mwingine.

Nilisubiri. La tatu lilikuwa linaonekana vizuri kutoka pale, na juu yake alikuwa ameketi mzee mmoja wa mtaa wa pili, anavua kandambili moja atoe kijiwe.

"Tuendelee?" nilimuuliza.

"Hapana."

"Kidogo tu, halafu turudi."

"Hapana," alisema. "Leo mwisho ni hapa."

Nje ya uzio muuza maziwa alikuwa anampeleka binti yake shule. Alituona, akapunguza mwendo.

"Shemeji, umeamkaje?"

Mume wangu aliinua mkono wa kushoto. "Tumeamka," alisema.

Yule mama aliitikia kwa kichwa. Alishika begi la mtoto, wakaendelea na safari yao kwa nje, wakifuata uzio mpaka kona. Mimi nilikaa karibu na mume wangu tukapumzika, kwa kuwa bado tulikuwa na safari ya kurudi.